Faluda ya Marehemu

Saa tisa na nusu alasiri, mwanzoni mwa Septemba 1999, Somoe binti Issa alikuwa jikoni kwake Magomeni, Mtwara, akipika faluda. Kazi yenyewe si kubwa, ndiyo maana watu wa Mtwara huipenda joto linapoanza. Alikuwa ameloweka nyuzi za chaina grasi tangu adhuhuri, zile nyeupe, kavu, zinazouzwa dukani kwa Mohsin. Akazichemsha kwenye maji kidogo mpaka zikayeyuka zote, akamimina maziwa, sukari na iliki aliyoitwanga muda huohuo, akakoroga bila kuondoa macho, maana maziwa ukiyapa kisogo yanafurika. Akachuja kwa kitambaa, akagawa kwenye bilauri sita na kuziacha mezani zipoe. Friji lake lilikuwa la mafuta ya taa na halikupenda vitu vya moto. Bilauri nne zilikuwa za majirani, moja yake. Ya sita aliifunika kwa kisahani, akaja kuiweka rafu ya juu kabisa ya friji, palipo na baridi kuliko pengine.

Saa kumi na robo mumewe, Zuberi, aliingia kwa mlango wa uani, akavua makubadhi, akauliza kama imeganda.

"Bado kidogo," Somoe alisema.

Zuberi akaketi mkekani kusubiri. Alikuwa amekufa tangu Juni.

Enzi za uhai wake alikuwa fundi wa pampu katika mradi wa maji. Alizunguka vijiji vyote mpaka Kilambo, mtoni, akifungua pampu zilizokwama mchanga, na mzungu wa mradi alipofunga virago kurudi kwao alimwachia friji hilo badala ya maneno ya shukrani. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi akazikwa. Somoe akavalishwa nguo nyeupe, akakalishwa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje ya ua, hapaki hina, hajifukizi udi. Hawakujaliwa watoto. Aliyekuja kukaa naye ni Bi Halima, jirani, mama mtu mzima aliyekuwa kungwi wake tangu usichana na ambaye alijua kila kitu ambacho mjane hapaswi kukifanya.

Alimwambia yote isipokuwa moja. Kitu alichokipenda marehemu hupikwa kikagawiwa watu, iwe sadaka yake. Hakiwekwi kando kumsubiri. Bi Halima hakulisema kwa sababu hakudhani kuna mtu asiyelijua. Somoe naye alilijua, lakini mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka kumi na mmoja, na ulipoona bilauri ya sita ukachukua kisahani. Ndivyo Zuberi alivyokuja.

Faluda ilipoganda, Zuberi alikula yote, akakwangua kitako cha bilauri kwa kijiko kama zamani, akaiacha mkekani bila kuisuuza, kama zamani. Kabla ya magharibi akavaa makubadhi akaondoka. Bi Halima alifagia mchanga mwekundu alioingia nao na kulalamika kwamba makaburini siku hizi hawasafishi njia.

"Nnamwona kakonda," alisema.

"Hajakonda," Somoe alisema. "Ndivyo alivyokuwa."

Kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa. Mara nyingine Somoe alitengeneza maembe badala ya faluda: aliyamenya, akayaponda, akayachanganya na tui zito na chumvi chembe mbili, akayagandisha kwenye vikombe vya bati. Mara nyingine aliloweka ubuyu, akauchuja, akautia sukari na kuumimina kwenye vifuko vya nailoni, akavifunga fundo na kuvilaza juu ya barafu. Vyote Zuberi alivila. Alipoulizwa huko alikotoka kukoje, alisema hakuna joto wala baridi, ila vitamu hakuna. Majirani waliokuja kufuata bilauri zao walimwamkia. Walikuwa wakisema, "Shikamoo, marehemu," naye aliitikia, "Marahaba," na kuuliza hali za nyumbani kwao.

Somoe hakuona ubaya. Niseme kweli, alifurahi. Mwanamke aliyekaa ndani miezi mitatu akitazama ukuta na Bi Halima hapati mazungumzo mengi, na Zuberi, hata akiwa maiti, alikuwa mtu wa kutazamwa akila. Lakini alichokuwa anakisubiri hasa ni siku ya kutoka. Alikuwa na shamba Naliendele, mikorosho arobaini na miwili, na aliipanda yeye. Miche alipewa na watu wa utafiti wa kilimo, na mabibo yake, yale matunda yanayobeba korosho, ni mekundu na marefu, tofauti na ya wenzake. Viangazi viwili mfululizo aliinyweshea kwa ndoo ya kichwani, wakati Zuberi yuko mitoni na pampu zake. Zuberi mwenyewe alijisifu mtaani kwamba yeye hata jembe la shamba hilo halijui. Kila mtu alilisikia hilo, na hakuna aliyeliandika mahali. Msimu ulikuwa unaanza. Korosho haimsubiri mtu, ikianguka leo na usipoiokota leo, kesho ataiokota mwingine.

Siku ya kutoka ilikuwa Jumamosi ya mwishoni mwa Oktoba, mwezi kumi na tatu Rajabu. Tangu asubuhi wanawake wa mtaa walikuja na ndoo za maji, sabuni, udi na doti mpya ya kanga. Walikusudia kumwogesha, kumvalisha na kumtembeza nyumba kwa nyumba kama ilivyo ada. Jua likawa kali, maji yakachelewa, udi ukakosa mkaa, mara ikafika saa kumi na robo. Zuberi akaingia kwa mlango wa uani, akavua makubadhi, akasalimia wote, akaketi.

Nyuma yake alisimama Mfaume, mdogo wake, aliyekaa hukohuko Naliendele jirani na shamba. Tangu msiba Mfaume hakuwahi kuleta hata kiberiti. Sasa alitazama ndoo, akatazama doti ya kanga, akamtazama kaka yake aliyekuwa akipokea bilauri.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

"Tunamtoa shemeji yako eda," Bi Halima alisema.

"Mume yuko mkekani anakula faluda, nyinyi mnamtoa mkewe eda?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akatua ndoo chini. Mwingine akasema kwamba, kwa kweli, hilo hawakulifikiria. Akaitwa Sheikh Abdallah, mtu mpole aliyependa mambo yaende kwa utaratibu. Alifika akapewa kigoda.

"Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa," alisema sheikh. "Huyu alikufa, tukamzika, mimi mwenyewe nilikuwa kaburini. Siku zimetimia. Mtoeni."

Ndoo zikainuliwa tena. Somoe alisimama, akanyoosha mkono kuipokea doti ya kanga.

"Sawa, sheikh," Mfaume alisema. "Lakini mwanamke ambaye mumewe yuko nyumbani, atatoka bila kumuaga?"

Sheikh alimtazama Zuberi. Zuberi alikuwa anakwangua bilauri.

"Haipendezi," sheikh alikubali. "Basi na amuage, tumalize."

Somoe akapiga magoti mbele ya mumewe. "Baba, naomba ruhusa nitoke."

Zuberi akalamba kijiko, akakiweka ndani ya bilauri. "Mimi nimekufa, Somoe," alisema. "Ruhusa ya maiti ni ruhusa gani? Mwombe Mfaume, ndiye mkubwa sasa."

Watu wote wakamgeukia Mfaume. Mfaume alisema atafikiri.

Maji yaliyobaki kwenye ndoo yalimwagiwa mchicha. Doti ya kanga ilikunjwa ikarudishwa kwenye karatasi yake, na wanawake wakaondoka wakimwambia Somoe awe na subira. Sheikh aliondoka akiwa hana raha. Alikuwa amejibu maswali mawili, yote kwa haki, na hakuelewa jibu la tatu lilitoka wapi.

Tangu siku hiyo Mfaume akawa mwema. Alileta chaina grasi mafungu kwa mafungu, maziwa ya kopo, sukari, mafuta ya taa ya friji lita kumi kwa mara moja. Aliuliza kama kaka amekula vizuri. Siku moja alileta maembe dodo kutoka sokoni, yaliyochaguliwa moja moja, na Bi Halima akasema kumbe watu hubadilika. Somoe alikuwa akitazama shati la Mfaume. Lilikuwa na madoa ya kahawia kifuani na mikononi, na maji ya mabibo yakishaingia kwenye nguo hakuna sabuni inayoyatoa.

Wiki ya pili ya Novemba alileta ndoo nzima ya mabibo.

"Mtengenezee kaka kitu cha baridi," alisema. "Joto limezidi."

Somoe aliinua bibo moja. Lilikuwa jekundu na refu. Akaligeuza, akaona pale chini korosho ilipopachikwa, sasa pamenyofolewa. Akainua lingine, lingine tena, mpaka akafika katikati ya ndoo.

"Shemeji, korosho zake ziko wapi?"

"Ziko salama," Mfaume alisema, akaondoka na dumu tupu la mafuta ya taa.

Somoe alikaa chini jikoni na mabibo yake mapajani. Sasa alielewa vyote, mafuta ya taa, maziwa ya kopo, maembe ya kuchagua. Kadiri Zuberi anavyokuja, yeye hatoki. Kadiri asivyotoka, mikorosho inaokotwa na mtu mwingine. Alikuwa akijipikia pingu yeye mwenyewe kila siku saa tisa na nusu, na kuitia iliki. Alikamua mabibo yale kwa sababu yangeoza. Akamimina humo maji ya mchele yaliyochemka ili ukakasi utuame chini, akachuja sehemu ya juu iliyobaki safi, akatia sukari na ndimu, akagandisha. Wakati anakamua alikuwa analia kwa hasira, na sikuambii kwamba machozi yale yalibadilisha ladha, kwa maana hayakubadilisha chochote. Zuberi alikula akasema ni tamu.

Kwa kuwa hakuweza kwenda ofisini, Somoe alimtuma Bi Halima akailete ofisi. Alitaka cheti cha kifo, apeleke madai yake ya shamba kwenye baraza la kata bila kupita kwa Mfaume. Karani aliyekuja aliitwa Gaudensi, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni na karatasi za kaboni ndani ya bahasha. Alifika saa kumi kasorobo, akakaribishwa kiti, akaanza kujaza jina, umri, kazi.

"Alionekana hai mara ya mwisho lini?"

"Juni, tarehe kumi na saba," Somoe alisema.

Gaudensi aliandika. Hapo Zuberi akaingia, akavua makubadhi. Gaudensi akainua macho.

"Na huyu ni nani?"

"Ni marehemu."

Gaudensi akasimama kwa adabu, akampa mkono. "Pole sana, mzee."

"Nimeshapoa," Zuberi alisema.

Karani alirudi kwenye fomu, akaipitia ukurasa wa mbele na wa nyuma. Akaeleza kwa upole kwamba kulikuwa na nafasi ya mwombaji, ya shahidi na ya mwenyekiti wa mtaa, lakini hapakuwa na mahali pa marehemu kukubali wala kukana, na yeye hawezi kuandika kwamba mtu hayupo huku amempa mkono. Zuberi alijitolea kuweka sahihi kwamba kweli amekufa. Gaudensi alimshukuru, akasema sahihi lazima iwe ya mtu aliye hai. Kisha akala faluda, akaisifu, akaomba moja ya mkewe, mjamzito, aliyekuwa akisumbuliwa na joto. Juu ya fomu aliandika kwamba ombi liletwe upya marehemu atakapoacha kuonekana. Aligonga muhuri, kwa sababu alikuwa ameubeba.

Karani alipotoka, Somoe hakusubiri Bi Halima aondoe bilauri.

"Zuberi, ile mikorosho niliipanda mimi."

"Najua."

"Waambie basi. Mwambie sheikh. Mwambie yule karani, bado hajafika barabarani. Sema tu."

"Wanajua, Somoe. Nani asiyejua?"

"Wanajua hawasemi. Wewe ukisema watasikia, watu wanakuheshimu kuliko ulipokuwa hai."

Zuberi aliigeuzageuza bilauri mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Katika maisha yake hakumpiga mkewe, hakumnyima chakula, na pampu aliyoitengeneza yeye ilikaa.

"Nikisema," alisema mwishowe, "Mfaume hataleta mafuta ya taa. Na friji linataka mafuta."

Somoe alimtazama mume wake huyo aliyemlilia siku arobaini. Alimchukia. Alimchukia kwa moyo wake wote, hapohapo, huku akiona faluda ndevuni mwake, na alijua kwamba hata akimchukia namna gani hatamfanya afe zaidi.

"Usije tena," alisema.

"Mimi sijileti," Zuberi alisema. "Nawekewa."

Basi Somoe akaacha kuweka. Kesho yake hakuwasha hata moto. Chaina grasi ilibaki kwenye karatasi, maziwa yakawa mtindi. Saa kumi na robo mlango wa uani haukufunguka. Ilipita saa kumi na moja, ikafika adhana ya magharibi, na uani hapakuwa na mchanga mwekundu hata chembe. Siku ya pili vilevile. Somoe alitoa doti ya kanga kwenye karatasi yake, akaitandika kitandani, akaipapasa mikunjo. Alipanga asubuhi ya siku ya nne amwite sheikh, karani na wanawake wote, wahesabu wenyewe siku tatu bila marehemu, halafu atembee kwa miguu mpaka Naliendele.

Siku ya tatu, saa kumi na robo, Zuberi aliingia akavua makubadhi. Akaenda mwenyewe kwenye friji, akatoa bilauri iliyofunikwa kwa kisahani.

Somoe alimgeukia Bi Halima. Bi Halima alikuwa anachambua mchele, na aliendelea kuchambua.

"Nimemhurumia," alisema. "Siku mbili mtu hajala. Kitu kidogo tu, mwanangu, hakikupunguzii kitu."

"Kinanipunguzia, Bibi. Kinanifungia ndani."

"Wewe ndani umeshazoea."

Bi Halima alisema hivyo kwa upendo. Alimpenda Somoe tangu akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na alimpenda marehemu pia, na kati ya watu wawili unaowapenda ni rahisi kumpa yule anayeomba kidogo. Kesho yake Somoe alimwaga faluda ya Bi Halima kwenye mchicha. Alipofungua friji akakuta bilauri nyingine tatu, zimeletwa na majirani. Habari ilikuwa imefika kwamba marehemu alishinda na njaa. Mmoja alileta tambi za sukari zilizopozwa kwa tui, mwingine ubuyu, mwingine faluda ya rangi mbili iliyopambwa zabibu. Watu ambao hawakuwahi kuleta uji kwa mjane walikuwa wakigonga mlango na kuuliza kama kuna nafasi kwenye rafu ya juu.

Somoe akazima utambi wa friji. Ilikuwa ndiyo silaha yake ya mwisho na alijua. Zuberi hakula vitu vya uvuguvugu. Alivionja, akaviacha, akaondoka mapema. Siku iliyofuata Mfaume alifika na toroli. Juu yake palikuwa na bonge la barafu ya wavuvi, limefunikwa pumba za mbao na magunia, linanuka samaki kidogo. Aliliteremsha mwenyewe, akalipasua kwa shoka, akazipanga bilauri zote katikati yake, moja baada ya moja, kwa uangalifu wa mtu anayepanga mayai.

"Shemeji usijisumbue na friji," alisema. "Nitalishughulikia mimi."

Ukaja Ramadhani. Maiti hafungi, lakini Zuberi kwa kuwaheshimu waliofunga alibadilisha saa zake, akawa anakuja adhana ikilia. Watu wa mtaa waliona hilo ni jambo la ungwana sana. Wengine walileta futari zao kwenye ua wa Somoe wakala pamoja naye, na Somoe akawakandia, akawachujia, akawapakulia, akiwa na nguo zake nyeupe. Usiku wa Idi alisikia magari ya wanunuzi wa korosho yakinguruma kutoka upande wa Naliendele. Bi Halima alimuuliza kama amesikia, naye alisema ndiyo.

Mvua zilikuwa zimeanza kwa manyunyu. Katikati ya Januari Mfaume aliacha kuleta mafuta ya taa, akaacha kuleta barafu. Majirani walileta bilauri zao siku mbili tatu, wakaona zinachacha, wakaacha. Zuberi alikuja mara moja, akagusa bilauri kwa nje, akasema wabaki salama. Wiki iliyofuata Mfaume alibisha hodi akiwa amevaa shati jipya lisilo na doa.

"Shemeji," alisema, "nimefikiri. Unaweza kutoka."

Wanawake walikuja na ndoo zao. Walimwogesha, wakamvalisha, wakamfukiza udi, wakamtembeza nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilimpa pongezi kwa subira yake. Kesho yake alfajiri alitembea mpaka Naliendele. Mikorosho yote ilikuwapo, arobaini na miwili, imelowa, inapendeza. Chini yake palikuwa pamefagiliwa vizuri kuliko alivyowahi kupafagia yeye. Alizunguka mpaka jua likawa kali, akipekua majani kwa mguu, na hakuokota hata korosho moja. Jirani wa shamba aliyepita na jembe alimpa pole, akamwambia mwaka huu imezaa kwelikweli, Mfaume amejenga.

Alikwenda kwa sheikh. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlengalenga, akasema amedhulumiwa. Alimwambia aende ofisini. Ofisini Gaudensi alimpokea vizuri, akamwonyesha picha ya mtoto wake mchanga, akaitafuta fomu yenye muhuri akaipata, akamuuliza kama sasa marehemu ameacha kuonekana. Somoe alisema ameacha. Gaudensi alisema hilo ni jambo la heri, lakini kwa kifo cha aina hii wakubwa wameagiza upite mwaka mmoja bila kuonekana, ili serikali isije ikaaibika.

Somoe alirudi nyumbani akangoja. Alitoka alivyotaka, Februari mpaka Agosti. Alikwenda sokoni, msibani, harusini, alikwenda shamba akapalilia chini ya mikorosho, akapogoa matawi makavu, akapiga dawa ya unga dhidi ya ukungu, kwa sababu mti hauna kosa na hakuweza kuutazama ukiugua. Hakupika faluda. Friji aliliuza kwa mtu wa Mikindani, kwa bei ya kutupa, na siku lilipobebwa alilala usingizi mzuri.

Mwanzoni mwa Septemba mwaka 2000, joto lilipoanza kupanda, Mfaume alileta friji jipya. Lilikuwa la umeme, ambao yeye mwenyewe aliuvuta mpaka kwa Somoe wiki iliyopita, jeupe, lina taa ndani. Vijana wanne walilibeba mpaka ukumbini wakalisimamisha mahali palepale pa lile la kwanza. Bi Halima alikuwa ameshakuja tangu asubuhi na mkoba wake wa nguo. Majirani waliingia wawili wawili kulitazama friji, na kila aliyeingia alikuwa ameshika bilauri. Walizipanga rafu ya juu mpaka zikajaa, wakaenda rafu ya pili.

Saa kumi na robo Zuberi alivua makubadhi mlangoni. Watu wakamwambia karibu, wakamuuliza za siku nyingi, na wakampisha akae karibu na feni, nayo mpya. Hakuna aliyeshangaa, hata Somoe.

Nguo nyeupe za eda zilikuwa zimeletwa mapema, zimepigwa pasi. Bi Halima alimsaidia kuzivaa kule chumbani, akamfunga kilemba, akamrekebisha shingoni kwa vidole vyake vikavu. Nje kulisikika vijiko. Somoe alisimama wima akingoja afungwe, mikono chini.

"Bibi," aliuliza, "wewe umepita Naliendele juzi. Mikorosho imechanua vizuri mwaka huu?"

"Vizuri mno, mwanangu," Bi Halima alisema. "Utakaa mpaka Februari."